Kabla Bumu Halijaishia Kwenye Kozi ya Kiingereza

Bumu la mkopo likiingia tu, kuta za vyuo vyetu hujaa vipeperushi: Kiingereza kwa miezi mitatu, cheti mwishoni, punguzo kwa watakaowahi. Mwanafunzi wa menejimenti ya biashara asikimbilie kulipa. Sarufi ameifundishwa tangu shule ya msingi. Kinachomkwamisha ni kingine, na huonekana siku ya presentesheni. Slaidi anazisoma vizuri, hadi mhadhiri amuulize: mbona mauzo yamepanda na faida imeshuka? Jibu analo, gharama za uendeshaji zimekua kuliko mauzo. Kulieleza papo hapo, kwa sentensi tatu zinazoshikana, ndiko kunakomtoa jasho.

Kozi ya darasani ipimwe kwa hilo. Uliza mko wangapi, na nani atasahihisha utakachoandika. Darasa la watu arobaini wanaoitikia kwa pamoja ni ghali hata likiuzwa bei ya kutupa. Tena ada si gharama yote. Daladala ya shilingi 600 kwenda na 600 kurudi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, ni shilingi 43,200. Anayeunganisha magari mawili azidishe mara mbili.

Masomo mengi ya BBC Learning English na LearnEnglish ya British Council ni ya bure. Unalipia bando tu. Yanatosha kabisa kwa kusikiliza na kuongeza msamiati wa ofisini. Ila hayatakwambia kwamba aya ya pili ya ripoti yako haieleweki.

Mtihani wa IELTS uache mpaka uwe unaomba chuo cha nje au kazi inayoudai. Matokeo yake kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili. Ukiufanya mwaka wa kwanza, yatakuwa yamepitwa na wakati kabla hujamaliza shahada ya miaka mitatu.

Mimi ningejifunza bure kwa simu, nisikwepe vipindi vya stadi za mawasiliano ambavyo ada ya chuo imeshavilipia, kisha fedha yote niipeleke kwa mwalimu wa saa chache, tukichangia wawili au watatu. Mpelekee asaimenti ambayo mhadhiri ameshaisahihisha, usije ukaambiwa umeandikiwa. Akisema muiweke kando mfuate kitabu chake, tafuta mwingine.