Uzee si mwisho wa akili

Mara nyingi tunasema, "Babu amezeeka, hawezi kujifunza tena." Tusiharakishe. Mwaka 2004 nchini Kenya, Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 84, kwani alitaka kuisoma Biblia mwenyewe.

Hapa Ipogolo, mzee akianza kujitenga na mazungumzo, huenda haoni kwa sababu ya mtoto wa jicho, au nta imeziba masikio. Haya hutibika. Akichanganyikiwa ghafla, huo ni ugonjwa, si uzee. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Apimwe presha mara kwa mara, maana ikipanda huharibu ubongo.

Nyumbani msimnyang'anye kila kazi. Achague mbegu, awasimulie wajukuu. Akili isiyotumika hufifia.