Je, Wajua? Samba Ilitoka Kwenye Orodha ya Maneno

Programu inayoiwezesha Linux kushirikisha folda na Windows inaitwa Samba, lakini jina hilo halikutoka kwenye ngoma ya Brazil. Windows hugawana mafaili kwa lugha iitwayo SMB. Andrew Tridgell wa Australia, aliyeianza programu hii mwishoni mwa 1991, aliiagiza kompyuta ipekue orodha ya maneno: neno lianze na S, kisha M, kisha B. Samba likajitokeza!

Mtandao una kibao chake: orodha ya kompyuta zilizopo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kupitia SMB ya kwanza, ile kongwe. Mwishoni mwa mwaka huohuo Windows 10 ikaanza kuja ikiwa imeizima, na orodha ya zamani iliitegemea hiyo. Ndiyo maana kompyuta ya Linux hutoweka kwenye orodha ya mtandao ilhali folda ipo palepale. Kibao kimeng'oka, njia haijafungwa. Andika anwani yenyewe, mfano \\192.168.1.5, na mara nyingi folda hufunguka.

Na hili huwachanganya wengi: kwa Linux, Ripoti na ripoti ni mafaili mawili. Windows huyahesabu kuwa jina moja tu.