Stoo na Stori: Maana na Matumizi ya Nomino Mbili za Mkopo katika Kiswahili

Makala haya yanalinganisha nomino "stoo" na "stori", zilizokopwa kutoka "store" na "story" za Kiingereza. Kwa umbo zinashabihiana, lakini hazina nasaba moja: ya kwanza inatokana na kitenzi cha Kilatini "instaurare" kupitia Kifaransa cha Kale; ya pili inatokana na "historia", neno ambalo Kilatini kilikopa kutoka Kigiriki. Hoja kuu ni kwamba nafasi ya neno mkopo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na maneno linaloyakuta katika lugha pokezi.

Kimofolojia, zote mbili zimo katika ngeli ya I-/ZI-. Hata hivyo, "stoo" hupokea kiambishi cha mahali, "stooni", ilhali "stori" kwa kawaida haikipokei.

Kisemantiki, mwenye duka wa Ilomba, kata ya Jiji la Mbeya inayopitiwa na barabara kuu iendayo Zambia, akisema "Mchele umebaki stoo", hamaanishi dukani. Nchini Marekani, "store" ni duka. Kiswahili tayari kilikuwa na "duka", pamoja na "ghala" na "bohari" kwa hifadhi kubwa. "Stoo" ikabaki na fahiwa finyu: chumba cha kuhifadhia vitu nyumbani, shuleni au nyuma ya duka.

"Stori" nayo ilikuta "hadithi", "kisa" na "ngano". Haikuziondoa. Ingawa fahiwa ya masimulizi ingalipo, kama katika "stori ya maisha yake", matumizi yake yaliyoenea ni "kupiga stori", yaani kuzungumza kwa kupokezana. Kitenzi ndicho ushahidi: hadithi husimuliwa, kisa hutolewa, bali soga, gumzo na stori hupigwa. Kwa hiyo "Tulipiga stori hadi jioni" haidai mtiririko wa matukio wala wahusika.

Tofauti hizi zina athari kwa tafsiri na kamusi. Mfasiri anayeandika kuwa mhusika wa riwaya ya Kimarekani "alinunua mkate stoo" anampeleka msomaji kwenye chumba cha akiba. Anayeandika "stori fupi" anaushusha katika rejesta ya mazungumzo utanzu wenye jina lake, hadithi fupi. Vivyo hivyo, kidahizo "stori" kikifafanuliwa kwa kisawe "hadithi" pekee, matumizi yake makuu hufichika. Kitomeo chake hakina budi kuonyesha pia kitenzi kinachoandamana nacho.