Ngome za Udongo: Sehemu ya Pili

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi Wanormani, walipokwisha kuitwaa Uingereza mwaka 1066, walivyochimba handaki la duara na kuutupa udongo wake upande wa ndani hata ukawa kilima, wakasimamisha mnara wa magogo juu yake. Kwa hiyo kazi moja ya jembe ikamwekea adui vizuizi viwili, shimo la kushuka na tuta la kupanda. Leo na tutazame Kabete, magharibi ya Nairobi.

Mwezi wa Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa idhini ya kutawala nchi hizi, alifika Dagoretti, akachanjiana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa wenyeji wa huko, kisha akajenga boma. Alipokwenda zake Uganda, watu wa misafara wakawa wanajitwalia vyakula vya wenyeji bila ridhaa. Mwaka uliofuata boma likahamwa, likatiwa moto. Mwaka huo huo wa 1891 Kapteni Eric Smith akajenga jingine Kabete, ndilo Fort Smith, lililozungushiwa handaki.

Kwa nini Kabete? Kwa sababu ya viazi vitamu, maharagwe na mahindi, maana mbele yake ilikuwa nchi ya Wamasai, ambako msafara haukupata nafaka. Boma lile lilikuwa ghala kuliko ngome, na kwangu mimi handaki lake ni ushahidi kwamba chakula kile hakikununuliwa kwa wema. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa humo, akapelekwa njia ya pwani, akafia Kibwezi. Leo jina lake limo katika barabara kuu itokayo Westlands kwenda Kangemi na Uthiru.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, misafara ikaanza kukoma, na kazi ya boma kuisha. Tuta la udongo halianguki kwa kishindo kama ukuta wa mawe. Masika hulilainisha kingo, jembe la mkulima hulisawazisha, na shimo hujaa kidogo kidogo. Atafutaye athari za namna hii asitafute kuta, bali aende wakati wa kiangazi, atazame mahali majani yalipobaki mabichi kwa mstari uliopinda, kwa kuwa handaki lililofukiwa huhifadhi maji chini kuliko ardhi ya kando yake.

Juma lijalo tutakwenda nchi ya Waluo, kuyatazama maboma ya udongo yaitwayo gunda bur, ambayo mahandaki yake yalichimbwa na wenyeji wenyewe.