Gari Likinyanyuliwa, Tela Tulivuteje?



Mvua zikikaribia, maneno juu ya magari huwa mengi vijijini. Barabara za udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope tupu. Pikapu ya chama hukwama njiani pamoja na tela lake la mpunga. Mzigo hulala porini, na mgonjwa aliyekuwa apelekwe hospitali hukosa usafiri. Hapo ndipo husikika shauri hili: "Tulinyanyue gari, tulivalishe matairi makubwa. Halitakwama tena!"

Shauri hilo si baya. Lakini likifanywa nusunusu, na gari likaendelea kuvuta tela, linaweza kuua watu. Basi leo tuelezane mambo hayo kwa hesabu ndogondogo.

Springi na tairi si kazi moja

Kuna njia mbili za kunyanyua gari. Ya kwanza ni kubadili springi ili bodi ipande. Ya pili ni kuvalisha matairi makubwa. Watu wengi hudhani ni mamoja. Sivyo.

Springi hunyanyua bodi na chesisi. Ekseli ya nyuma na difu yake hubaki palepale. Na hiyo difu ndiyo inayogota kwenye tuta la katikati ya njia. Difu hiyo hupandishwa na tairi tu, tena kwa nusu ya kimo kilichoongezwa.

Tuseme tairi la zamani lina kimo cha sentimita 70, na jipya lina sentimita 80. Tumeongeza sentimita 10. Lakini difu itapanda sentimita 5 tu, yaani upana wa vidole vitatu hivi. Hiyo ndiyo faida yetu. Sasa tutazame gharama.

Tairi kubwa linakula nguvu

Shika ndoo ya maji karibu na kifua. Kisha nyoosha mkono mbele, ndoo iwe mbali. Maji ni yaleyale na mkono ni uleule, lakini utachoka upesi. Tairi kubwa ni kama huo mkono ulionyooshwa. Injini ni ileile, lakini nguvu inayofika ardhini inapungua.

Inapungua kiasi gani? Kwa matairi ya mfano wetu, zilipokuwa nguvu 8 sasa zimebaki 7. Ni kama watu 8 wanaovuta kamba, kisha mmoja akaenda zake. Mzigo wenyewe haukupungua hata gunia moja!

Breki nazo hupata shida hiyohiyo. Dereva akikanyaga kwa nguvu ileile ya zamani, gari halishikwi kama zamani. Na nyuma yake lipo tela linalomsukuma. Mlimani klachi inaungua, mteremkoni breki zinapata moto. Kwa hiyo dereva atumie gia ndogo wakati wa kupanda na wakati wa kushuka pia. Fundi anaweza kubadili meno ya difu ili nguvu irudi. Ila kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne, lazima difu zote mbili zibadilishwe, na kazi hiyo ni ya fedha nyingi.

Mita inadanganya

Tairi la zamani likizunguka mara moja, gari husogea sentimita 220 hivi. Tairi jipya husogeza gari sentimita 251. Mita ya mwendo haijui kwamba tairi limebadilika. Ikisema 70, kumbe gari linakwenda 80!

Hilo si jambo dogo. Kama breki husimamisha gari kwa mita 30 likiwa katika mwendo wa 70, basi katika mwendo wa 80 zitahitaji mita 39 hivi. Hizo mita 9 zaidi zinamtosha mtoto anayevuka barabara kugongwa. Hapo hatujahesabu tela, wala ule upungufu wa breki.

Hata oili hucheleweshwa. Mita ikionyesha kilomita 5000, gari limekwisha kwenda zaidi ya 5700.

Tela lisiangalie mbinguni

Tuseme tumepandisha springi sentimita 10, na matairi yameongeza 5. Ndoano ya kuvutia tela nayo imepanda sentimita 15. Sasa pua ya tela inatazama juu, na mkia unakaribia ardhi. Uzito unaelekea nyuma ya ekseli ya tela, na ndoano haibebi uzito wa kutosha. Tela la namna hiyo huyumba kama mkia wa samaki. Likishika kasi, linaweza kuliangusha gari pia.

Dawa yake ni ndoano iliyoshushwa, yenye nguvu na iliyofungwa kwa bolti imara, mpaka tela likae sawa kama meza. Kisha tupange mzigo vizuri. Kawaida ndoano ibebe sehemu 10 hadi 15 kwa kila 100 ya uzito wa tela na mzigo wake. Kama jumla ni kilo 1000, ndoano ibebe kilo 100 hadi 150.

Tukumbuke pia kwamba tela halikunyanyuliwa. Gari litapita kwenye tope, lakini ekseli ya tela italima tope hilo kama plau.

Kabla ya kutoa fedha ya chama

1. Matairi yote manne ya gari yawe ya ukubwa mmoja, na spea pia.

2. Usome ubavuni mwa tairi uzito linaoruhusiwa kubeba. Tairi kubwa halina maana ya mzigo mkubwa.

3. Fundi akague mipira ya breki isivutike, maungio ya propela, na tairi lisikwaruze bodi usukani ukikatwa.

4. Polisi wa usalama barabarani walikague gari, na kampuni ya bima iarifiwe.

5. Abiria wasipande kwenye tela. Gari lililonyanyuliwa hupinduka upesi kwenye kona.

Ipo njia nyingine

Mara nyingi hatuhitaji gari refu. Matairi ya tope yenye meno makubwa, kwa kimo kilekile cha zamani, hushika vizuri bila kula nguvu. Minyororo ya matairi, sepetu na mbao mbili ni mali ndogo yenye msaada mkubwa. Safari mbili zenye mzigo nusu ni bora kuliko moja ya kulala njiani. Na pale panapotukwamisha kila mwaka, tuchimbe mtaro wa kutolea maji, tushindilie mawe. Njia ikipona, magari yote yanapita, na baiskeli na wagonjwa pia.

Maswali ya kujadili

1. Difu ya gari letu hugota wapi, na kwa sentimita ngapi?

2. Tela letu likifungwa kwenye gari, linakaa sawa?

3. Fedha ya matairi makubwa ingetengeneza mita ngapi za barabara?

Tupigeni hesabu kwanza, ndipo tumwite fundi. Kuuliza si ujinga.