Ombi Rasmi: Haki ya Kila Mkazi

Zahanati haina dawa, au barabara ya wadi haipitiki wakati wa mvua. Malalamiko ya barazani huweza kusahaulika, lakini ombi rasmi la maandishi, yaani ardhilhali, lina nguvu ya sheria. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mkazi kuliomba Bunge la Kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria, na inaitaka kaunti ijibu maombi bila kukawia.

Ombi lieleze kwa lugha ya heshima:

• tatizo na mahali lilipo;
• hatua zilizochukuliwa awali, na kama kuna kesi mahakamani;
• jambo hasa linaloombwa;
• majina, anwani na sahihi za waombaji, au alama ya kidole gumba.

Maombi kuhusu zahanati au chekechea hupelekwa kwa kaunti. Ya polisi na shule za sekondari, kwa Serikali ya Kitaifa. Yanayoelekezwa kwa Bunge la Kaunti huwasilishwa kwa Karani. Mwombaji abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, maana ndiyo atakayoitumia kudai jibu.