Kamera ya Gama na Jiwe Lake la Mizani

Mgonjwa wa saratani anayepigwa picha ya mifupa kwa tiba ya nyuklia hudungwa kwanza dawa yenye teknishamu-99m, kisha husubiri saa mbili hadi tatu ili dawa ijikusanye mifupani. Mashine atakayolala chini yake haitoi mionzi kama eksirei. Mionzi inatoka mwilini mwake, na kamera ya gama kazi yake ni kuipokea na kuonyesha ilikotoka. Panapotokea doa kwenye picha, daktari lazima awe na hakika kwamba doa hilo ni la mgonjwa, si la kamera.

Hakika hiyo haipatikani kwa kuangalia picha ya mgonjwa peke yake. Mwenye duka hukaguliwa mizani yake kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, na kamera ya gama nayo ina jiwe lake: bamba jembamba lenye kobalti-57 iliyotandazwa sawasawa. Kobalti-57 imechaguliwa kwa sababu miale yake mikuu ina nguvu ya kiloelektronivolti 122, karibu na 140 za teknishamu. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, bamba huwekwa mbele ya kamera. Picha inayotakiwa ni ya kijivu kitupu, isiyo na doa wala mstari. Ni picha isiyovutia hata kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote zitakazopigwa siku hiyo.

Kamera ina njia nyingi za kuharibika. Muundo wake wa msingi, aliouleta Hal Anger huko Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1950, bado ndio unaotumika katika kamera nyingi: bamba la risasi lenye maelfu ya matundu, nyuma yake fuwele ya iodidi ya sodiamu yenye unene wa takribani sentimita moja, na nyuma ya fuwele makumi ya mirija ya kukuza mwanga. Mwale ukigonga fuwele, mmweko hutokea na mirija hukadiria mahali ulipotokea. Mirija haichoki kwa kasi moja. Mmoja ukilegea, picha hupata duara hafifu ambalo linaweza kufunika uvimbe halisi. Fuwele nayo hunyonya unyevu ikipata upenyo, na joto la chumba likibadilika ghafla inaweza kupasuka. Umeme ukikatika na kiyoyozi kikazimika, mtaalamu ana sababu ya kukosa usingizi. Kamera inapozunguka mwili kupiga picha za moyo, dosari ya asilimia chache tu huweza kuchora pete, na msuli wenye afya ukaonekana haupati damu.

Jiwe la dukani, hata hivyo, hubaki na uzito wake. Kobalti-57 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 272 hivi. Bamba lililochukua dakika 5 kutoa picha nzuri likiwa jipya litahitaji zaidi ya nusu saa baada ya miaka miwili, kwa sababu imebaki takribani asilimia 15 tu ya nguvu yake. Wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Hapo kishawishi cha kukatisha kipimo ni kikubwa, na madhara yake hayaonekani kwa macho: nukta ya picha iliyopokea miale 10,000 huyumba kwa asilimia 1 kwa bahati nasibu tu, lakini iliyopokea 100 huyumba kwa asilimia 10. Katika mtikisiko huo, mrija uliolegea hujificha vizuri kabisa.

Bamba jipya nalo lina vituko vyake. Huja na chembechembe za kobalti-56 na kobalti-58, ambazo miale yake mikali hupenya risasi na kuharibu usawa wa picha. Hizo hupungua kwa nusu katika siku 70 na kitu, kwa hiyo miezi ya mwanzo bamba huwekwa mbali kidogo na kamera. Asiyelijua hilo atamwita fundi bure.

Vifaa vingine vya tiba ya nyuklia navyo vina mawe yao. Kifaa cha kupimia dozi kabla ya sindano hukaguliwa kwa sizi-137, ambayo hupungua kwa asilimia 2 na ushei tu kwa mwaka. Mashine za PET hutumia germani-68, ambayo, kwa sadfa, hupungua kwa nusu katika siku 271, karibu sawa na kobalti-57.

Wapo wanaosikia neno sizi wakakumbuka Goiânia, Brazili, mwaka 1987, ambako watu wanne walikufa baada ya mashine ya tiba yenye sizi-137 iliyotelekezwa kubomolewa na waokota vyuma. Chanzo cha mionzi cha mashine hiyo kilikuwa na nguvu karibu mara 70,000 ya bamba jipya la kobalti. Vipimo hivi si vya hatari hiyo, lakini bamba lililochoka halipaswi kuachwa stoo wala kuuzwa pamoja na vyuma chakavu.

Basi, ninyi mnaopanga bajeti za hospitali, mnapoandika bei ya kamera andikeni pia bamba jipya la kobalti kila baada ya miaka miwili hivi, na katika mkataba uleule mtakeni muuzaji alichukue lile la zamani.